Jaji ni Bawabu

 Kama uko jikoni, endelea kukuna nazi. Iliyokaa kwenye mbuzi ni mikono, masikio yako huru. Kama uko kwenye daladala, mwombe dereva apunguze muziki kidogo. Leo nina habari ya jaji.

Habari yenyewe haina mshtakiwa wala pingu. Ni ya jaji aliyevua joho, akakabidhiwa maikrofoni, akaambiwa: haya, sema. Akasema. Na aliyoyasema yaliwagawa wanasheria wa kwao, na mimi yamenikalia kichwani kwa sababu yanatuhusu sisi kuliko alivyodhani mwenyewe.

Nianze na hiyo maikrofoni. Tangu mwaka 1948 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, hualika mtu mmoja mwenye jambo la kusema na kumpa mihadhara kadhaa ya redio. Mihadhara hiyo inaitwa ya Reith, kwa jina la John Reith, mkurugenzi mkuu wa kwanza wa shirika lile. Wa kwanza kualikwa alikuwa mwanafalsafa Bertrand Russell. Na mwaka 1979 zamu ilimfikia mwana wa Mombasa, Profesa Ali Mazrui, mtoto wa Sheikh Al-Amin Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alizungumza juu ya hali ya Afrika, na dunia ikamsikiliza. Kwa hiyo tusione kigoda hicho ni cha wageni. Mswahili amekikalia.

Sasa mwaka 2019 aliyekikalia alikuwa Jonathan Sumption. Huyu alikuwa ametoka tu Mahakama ya Juu ya Uingereza, amestaafu mwishoni mwa mwaka 2018. Ni mtu wa namna yake. Wenzake wengi hupanda ngazi ya ujaji pole pole, daraja baada ya daraja. Yeye aliitwa Mahakama ya Juu mwaka 2012 moja kwa moja kutoka kwenye uwakili. Na muda wote huo, usiku akirudi nyumbani, alikuwa anaandika historia ya Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa, vitabu vinene kama matofali. Alitoa mihadhara mitano, London, Birmingham, Edinburgh, Washington na Cardiff, yote chini ya kichwa kimoja: sheria, na kudhoofika kwa siasa.

Hoja yake, msikilizaji, ni hii. Sheria imevuka ua. Zamani kulikuwa na mambo ambayo sheria iliwaachia watu wenyewe wayamalize: familia, dini, desturi, na Bunge lao. Leo kila jambo linapelekwa mahakamani. Alitoa mfano wa mtoto mchanga aliyekuwa na ugonjwa adimu. Madaktari walisema hakuna matumaini; wazazi walitaka kumpeleka Marekani kujaribu matibabu mengine, na pesa za kumpeleka walikuwa wamechangiwa. Aliyeamua si mama wala baba. Ni jaji. Sumption akahoji: tangu lini?

Akaenda mbali zaidi. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu una ibara moja fupi, ya 8, inayolinda maisha binafsi na ya familia ya mtu. Kwa miaka mingi majaji wameivuta ibara hiyo kama ubani wa kutafuna, mpaka imefika kwenye kelele za mazingira, kwenye wahamiaji wanaorudishwa makwao, hata kwenye mpangaji anayetolewa nyumba kwa kutolipa kodi. Labda yote hayo ni mema, alisema. Lakini nani aliyeyapigia kura?

Na hapa ndipo moyo wa hoja yake ulipo. Mahakamani kuna mshindi na mshindwa. Mmoja anatoka na hukumu, mwingine anatoka na gharama. Siasa haziendi hivyo. Siasa ni kuvutana, kulegeza, nipe nikupe, mpaka papatikane mahali ambapo hakuna aliyepata chote ila kila mmoja anaweza kuishi napo. Ni kazi yenye vumbi na haipendezi machoni, lakini ndiyo inayowaweka pamoja watu wasiokubaliana. Mtu akizoea kukimbilia mahakamani anaacha kumshawishi jirani yake. Kwa nini ajisumbue kushawishi watu 1,000 wakati anaweza kumshawishi jaji mmoja?

Msikilizaji, niliposikia hoja hiyo nilikumbuka kisima cha kijijini kwetu.

Kisima kile kilikuwa nyuma ya shamba la mtu. Tangu enzi za mababu kinamama walikifikia kwa kinjia kinachokatiza katikati ya mihogo yake. Siku moja mwenye shamba akachoka: watoto wanachuma mapapai, mbuzi wanafuata nyuma, ndoo zinamwagika kwenye matuta. Akaziba njia kwa matawi ya miiba. Ugomvi ukawaka. Shauri likapanda kutoka kata hadi wilaya, kwenye baraza la ardhi, na mwenye shamba akashinda. Kisheria alistahili. Mipaka ya shamba lake haikuonyesha njia yoyote. Akarudi na karatasi yake yenye muhuri, akaitundika sebuleni.

Kwa miezi kinamama wakawa wanazunguka kilima kizima na ndoo kichwani. Mke wa mwenye shamba akawa haamkiwi. Akienda kwenye shughuli, mkeka aliokalia unabaki wake peke yake. Karatasi ilikuwa imeshinda, nyumba ilikuwa imeshindwa.

Aliyelimaliza jambo lile alikuwa fundi baiskeli. Mzee mmoja mwenye kibanda chake chini ya mwembe, mikono myeusi kwa grisi, maneno machache. Hakuita mkutano. Aliwaita watu mmoja mmoja, huyu amekuja kuzibwa pancha, yule kukazwa mnyororo. Baada ya wiki tatu mapatano yakapatikana: njia inafunguliwa alfajiri mpaka saa mbili, inafungwa, halafu inafunguliwa tena saa kumi mpaka magharibi. Mbuzi marufuku. Mtoto atakayekamatwa na papai, mama yake atalima tuta moja. Na mke wa mwenye shamba akifika kisimani hapangi foleni. Ile karatasi ya hukumu haikuguswa. Ilibaki ukutani, na miiba ikaondolewa.

Hiyo ndiyo siasa anayoisifu Sumption. Mpaka hapo, msikilizaji, nampigia jaji makofi.

Lakini ngoja nikumalizie habari ya fundi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulipokaribia, vijana wa kitongoji walimwendea wakamwambia, Mzee, safari hii uenyekiti ni wako. Akakataa mara mbili, mara ya tatu akakubali. Akanawa mikono, akavaa kanzu yake ya Idi, akaenda kuchukua fomu. Nilikuwa likizo, nilimsindikiza.

Aliyekuwa mezani alikuwa kijana mwenye adabu zake. Akasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua fomu ya uenyekiti wa kitongoji."

"Vizuri sana, Mzee. Umedhaminiwa na chama gani?"

"Sina chama," akasema fundi. "Nina watu."

Kijana akaigeuza fomu, akaweka kidole mahali pa mdhamini. Akasema kwa upole, kana kwamba anampa pole ya msiba: "Mzee wangu, hapa panataka muhuri wa chama. Watu hawana muhuri."

Tukarudi. Njia nzima hakusema kitu, ila tulipofika mwembeni aliniuliza swali moja: "Hivi hii sheria, walioitunga waliogopa nini?"

Jibu la swali hilo ni refu, msikilizaji, na ndani yake mna majaji tele.

Mwaka 1991, hapa Tanzania, Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume ya kukusanya maoni: tubaki na chama kimoja au tuwe na vingi? Mwenyekiti wake alikuwa Jaji Mkuu Francis Nyalali. Tume ikazunguka nchi, ikasikiliza watu zaidi ya 36,000. Takriban wanne kati ya watano wakasema tubaki na chama kimoja. Jaji Nyalali na wenzake wakapendekeza vyama vingi. Huyo ni jaji anayejua tofauti ya demokrasia na kuhesabu vichwa: walio wachache nao wanahitaji pa kupitia. Mwaka 1992 mfumo ukabadilika.

Ila mabadiliko yaleyale ya Katiba yalibeba kifungu kingine kimya kimya: anayetaka kugombea lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Kwa lugha ya nyumbani, jumba lilikuwa na mlango mmoja wenye mwenyewe. Sasa likapata milango mingi, na kila mlango una mwenyewe. Raia asiye na kadi akabaki uani.

Mchungaji Christopher Mtikila hakukubali. Wengi wetu tunamkumbuka kwa maneno yake makali, na yapo ambayo hata mimi yalinichoma. Lakini mwaka 1993 alifungua shauri Mahakama Kuu, Dodoma, akiuliza swali la fundi baiskeli: Katiba inasema kila raia ana haki ya kushiriki katika utawala wa nchi yake, na inasema mtu asilazimishwe kujiunga na chama chochote. Sasa mbona nikitaka kugombea ninalazimishwa?

Tarehe 24 Oktoba 1994, Jaji Kahwa Lugakingira akampa ushindi. Alisema mgombea binafsi ni halali. Katika hukumu hiyohiyo aliondoa sharti la kuomba kibali cha polisi ili kufanya mkutano wa hadhara, na hatimaye sheria ikageuka kutoka kuomba kibali hadi kutoa taarifa. Mwanasiasa yeyote wa upinzani aliyewahi kusimama jukwaani kwa taarifa tu ana deni kwa jaji yule.

Kuhusu mgombea binafsi, furaha ilidumu wiki chache. Serikali ilikuwa tayari na muswada, na Desemba mwaka uleule Bunge likapitisha Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba yaliyoufunga mlango alioufungua jaji. Mwalimu Nyerere, akiwa amestaafu, alilipinga jambo hilo kwa maandishi: mkianza kukatakata haki za msingi kwa marekebisho, mtaishia wapi?

Mtikila akarudi mahakamani mwaka 2005. Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi wa pili. Serikali ikakata rufaa. Na hapa, msikilizaji, tega sikio vizuri.

Tarehe 17 Juni 2010, jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani, likiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, lilitengua ushindi ule. Lilisema mahakama haina uwezo wa kutangaza kwamba ibara ya Katiba inakiuka Katiba. Na likasema suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, si la kisheria. Liamuliwe na Bunge. Likaongeza na nasaha kwa Mwanasheria Mkuu na Bunge walitazame upya.

Umesikia? Miaka 9 kabla ya Sumption kufika kwenye maikrofoni, majaji saba wa Tanzania walikuwa wameshautoa mhadhara wake: siasa ziachiwe wanasiasa. Wala hawakuwa watu dhaifu. Jaji Ramadhani alikuwa mtu mzito, mwanasheria na mwanajeshi aliyefikia cheo cha brigedia jenerali. Hoja yao ina heshima yake. Mimi pia sitaki majaji saba wasiochaguliwa na mtu waniandikie Katiba.

Tatizo ni kwamba wahenga walitangulia kutuonya: kesi ya nyani usimpelekee ngedere. Bunge lile, wote waliogombea majimboni waliingia kwa muhuri wa chama. Leo unawauliza: mnaonaje, tuwaruhusu wasio na muhuri waje kushindana nanyi? Nasaha ikakaa kabatini. Mwaka 2013 rasimu ya Katiba mpya iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba ilimtambua mgombea huru. Mchakato ule nao ukakwama, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikupigwa. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilisema wazi kwamba Tanzania imekiuka haki za raia kwa katazo hili. Novemba 2019 serikali ikajitoa kwenye tamko lililowaruhusu raia na asasi kuishtaki moja kwa moja kwenye mahakama ile. Ona basi jinsi milango inavyofungwa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa utaratibu.

Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Mwaka huohuo Jaji Ramadhani, akiwa amestaafu ujaji mkuu wa nchi, alichukua fomu za chama tawala, CCM, kuomba kuteuliwa kugombea urais. Chama hakikumpitisha. Silisemi hili kwa kejeli. Naye alifariki mwaka 2020, Mungu amrehemu. Nalisema kwa sababu linanifundisha kitu. Hata Jaji Mkuu mstaafu, mtu aliyeongoza mahakama za Zanzibar na za Jamhuri ya Muungano, ilimbidi abishe hodi mlango uleule uliomrudisha fundi baiskeli wetu.

Sasa turudi kwa Sumption, kwa sababu na yeye safari yake haikuishia kwenye mihadhara.

Miezi michache tu baada ya kuzungumza redioni, Waziri Mkuu Boris Johnson aliahirisha Bunge la Uingereza kwa wiki tano, wakati nchi imo katikati ya mzozo wa kujitoa Umoja wa Ulaya. Shauri likafika Mahakama ya Juu. Tarehe 24 Septemba 2019 majaji 11, kwa kauli moja, walisema kuahirisha kule ni batili, kama vile hakukuwahi kutokea. Watu wakamgeukia Sumption: haya, Mzee, si ulisema majaji wakae mbali na siasa? Yeye akaitetea hukumu. Kwa nini? Kwa sababu mahakama haikuamua Uingereza itoke Ulaya au ibaki. Ilichofanya ni kulirudisha Bunge kwenye viti vyake ili liamue lenyewe.

Songa mbele mpaka Juni 2024. Sumption alikuwa mmoja wa majaji wa kigeni wanaokaa kwenye mahakama ya mwisho ya rufaa ya Hong Kong. Wanaharakati 47 walishtakiwa kwa kuandaa kura ya mchujo isiyo rasmi mwaka 2020, ili upande wao upate wingi katika baraza la kutunga sheria na uweze kuikataa bajeti ya serikali. Yaani walishtakiwa kwa kupanga kushinda uchaguzi na kutumia kura zao. Walipopatikana na hatia 14 kati ya waliokana mashtaka, Sumption alijiuzulu, akaandika gazetini kwamba utawala wa sheria pale umeumizwa vibaya.

Yaweke pamoja matukio haya mawili na habari ya yule mtoto mchanga, na utaona jambo ambalo mihadhara mitano ililigusa tu. Jaji anayeamua matibabu ya mtoto wako, anamkaripia. Jaji anayelifungua Bunge lililofungwa, anamsifu. Mahakama inayowafunga watu kwa kutaka kuingia bungeni kwa kura, anaikimbia. Si kigeugeu. Anachokitaka, hata kama hakukiita hivyo, ni jaji awe bawabu.

Sisi watu wa pwani tunamjua bawabu. Haketi sebuleni na wenye nyumba. Hapangi chakula gani kipikwe. Hamwambii bwana amwoze nani binti yake. Lakini mlango ni wake. Mgeni mwenye haki ya kuingia akizuiwa, bawabu anaulizwa. Na siku wenye nyumba wakiamua kuufunga mlango kwa ndani ili wale peke yao, bawabu akisema "hayo ni mambo ya sebuleni, sihusiki," huyo si mnyenyekevu. Ameiacha kazi yake.

Hata Sumption, mchoyo wa haki kama alivyo, katika mihadhara ile alikubali kwamba zipo haki chache ambazo bila hizo demokrasia haipo: mtu asikamatwe ovyo, watu wawaze na waseme, wakusanyike, na washiriki katika chaguzi za haki. Suala la nani anaruhusiwa kugombea haliko pamoja na bajeti ya maji au bei ya pamba, mambo ambayo Bunge likikosea tutalirekebisha kwenye sanduku la kura. Ni njia ya kulifikia sanduku lenyewe. Ukimwachia aliye ndani aamue nani aingie, umevunja demokrasia ileile uliyotaka kuilinda.

Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha upande wa pili. Katiba yao ya mwaka 2010 inamruhusu mgombea huru, na nchi haijabomoka. Inaruhusu pia matokeo ya urais kupingwa mahakamani, jambo ambalo Katiba yetu, ibara ya 41, inalikataza. Tarehe 1 Septemba 2017 Jaji Mkuu David Maraga alisoma uamuzi wa majaji wanne dhidi ya wawili: uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti umefutwa, urudiwe ndani ya siku 60. Hakusema Raila Odinga, aliyeleta kesi, ndiye rais. Hakumwondoa Uhuru Kenyatta Ikulu. Alisema rudini mlangoni, mpange foleni upya, safari hii kwa utaratibu.

Na ubawabu una gharama. Mwezi uliofuata, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, mahakama ileile ilitakiwa kusikiliza ombi la kuusimamisha. Jioni ya kuamkia siku hiyo dereva aliyekuwa pia mlinzi wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi. Asubuhi wakafika majaji wawili tu, na sheria inataka watano. Maraga akaketi mbele ya kamera, akaeleza sababu za kila asiyekuwepo, akasema kikao hakiwezi kufanyika. Kwa hiyo tukimdai bawabu asimame imara, tukumbuke kuuliza nani anamlinda yeye.

Najua swali lako, msikilizaji. Bawabu naye akilewa ufunguo? Akianza kuchagua wageni anaowapenda? Ni swali la haki, na ndilo linalomnyima Sumption usingizi. Kwetu majaji wanateuliwa na Rais. Hakuna aliyewapigia kura. Mimi kinga ninayoijua ni moja: jaji aeleze. Mbunge akinyamaza tunamngoja uchaguzi. Jaji akinyamaza hatuna pa kumngojea. Deni lake ni sababu zake, zikiwa kwa lugha ambayo mwenye nyumba anaielewa.

Na hapo tumechelewa sana. Hukumu zote za mgombea binafsi nilizokusimulia ziliandikwa kwa Kiingereza. Raia aliyenyimwa fomu hakuweza kusoma kwa nini amenyimwa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zetu. Jambo jema. Lakini hukumu kwa Kiswahili haitoshi kama imefungwa kwa Kiswahili cha mawakili. Kila mwaka, mwanzoni mwa Februari, Siku ya Sheria, majaji wetu huandamana na majoho yao na hotuba hutolewa. Ningependa siku moja jaji mstaafu apewe maikrofoni hii, wiki tano mfululizo, atueleze ni wapi sheria iishie na siasa zianze. Kinamama wampigie simu hewani wamuulize habari ya njia ya kisimani.

Nimalizie kwa fundi. Uenyekiti wa kitongoji alipewa mwingine, kijana mwema tu, mwenye kadi. Mwaka jana nilikwenda kijijini nikapita mwembeni. Nikamkuta mwenyekiti ameketi kwenye lile gogo la wateja, daftari la kitongoji magotini. Baiskeli hakuwa nayo. Alikuwa amekuja kumuuliza fundi afanye nini na watu wawili wanaogombea mpaka. Fundi anakaza spoku, anasikiliza. Akimaliza kusema yake, mwenyekiti anaandika, kisha anatoa muhuri wa kitongoji mfukoni, anaupulizia, anaugonga.

Fundi akanitazama, akacheka kidogo. "Unaona," akasema, "muhuri umekuja wenyewe."

Nikacheka naye. Lakini njiani nikirudi nilijiuliza: ni nani aliyekuwa akitawala pale, na sisi tulimchagua lini?

Msikilizaji, kwa leo naishia hapo. Ukimaliza kukuna nazi, mwulize aliye karibu nawe swali la fundi: walioitunga sheria ile waliogopa nini?